Mtoro Aliyekuwa kwa Mama Yake

Mwalimu mpya wa darasa la mjukuu wangu aliingia dukani nilipokuwa nimekaa, akanunua vocha, akanitazama usoni, akaondoka bila kuniamkia. Nilidhani hakuniona vizuri. Kulikuwa na upepo ule wa baridi wa mwezi wa saba unaobeba vumbi lote la kata yetu ya Zuzu na kulitia machoni. Lakini mwenye duka naye alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga upya sabuni zilizokuwa zimepangika tayari.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, mwinjilisti," alijibu, na akaendelea na sabuni zake.

Nilirudi nyumbani nikijipekua moyoni. Nimehudumu kanisani miaka mingi, nimefundisha wanaotaka ubatizo, nimezika, nimepatanisha waume na wake zao. Mtu wa namna hiyo, watu wakianza kumkwepa, hujiuliza kwanza yeye mwenyewe amekosa nini.

Mjukuu ninayemsema ni mtoto wa binti yangu. Anasoma kidato cha pili katika shule ya kutwa iliyo ng'ambo ya reli, na amekaa kwangu tangu mke wangu alipokuwa hai. Mwishoni mwa likizo ya katikati ya mwaka mama yake, aliyeolewa Mpwapwa, alijifungua kwa upasuaji. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa, na wakati huo alikuwa njia ya Kongo. Binti yangu akanipigia simu, sauti imemkauka, akasema, "Baba, niazime mtoto wangu." Neno lile lilinichekesha, mama kuazima mtoto wake mwenyewe. Nikamwambia mjukuu afunge nguo, nikampakia kwenye basi, nikamwagiza akae na mama yake mpaka nitakapomwita.

Ruhusa niliomba. Hilo nalisema kwa sababu baadaye kila mtu aliniuliza. Mwalimu wake wa darasa wa wakati ule alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu. Jumapili baada ya ibada nilimshika mkono nje ya kanisa, nikamweleza. Akasema, "Mama kwanza, mwinjilisti. Nitaliweka sawa mimi." Kwangu neno hilo lilitosha. Watu wameniachia wosia kwa mdomo, wameahidiana mashamba mbele yangu kwa mdomo, na yamesimama. Sikujua kwamba shuleni ruhusa ni barua ya mlezi, na kwamba mkuu wa shule naye aikubali kwa mkono wake. Na sikujua kwamba wiki ile ile mwalimu huyo alihamishiwa upande wa Kondoa, akaondoka na lile neno langu kichwani mwake.

Alhamisi nikaitwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Mtendaji ni kijana mstaarabu. Aliniamkia, akanivutia kiti. Yule mwalimu mpya, binti aliyekuja kwetu kutoka upande wa Bukoba, alikuwa amekaa pembeni amekumbatia mkoba wake.

"Mzee, zizi lako limejaa siku hizi," mtendaji alianza.

"Tunamshukuru Mungu."

"Ng'ombe wametoka wapi?"

"Ni wa mdogo wangu. Lambo la kwao limekauka. Kaniletea niwaangalie mpaka mvua."

Wakatazamana.

"Kila mzee ninayemuuliza, ng'ombe ni wa mdogo wake," mwalimu akasema, taratibu, bila kunitazama.

Sikuelewa kwa nini jambo hilo liwe la ajabu. Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Huku ukame, kule ugonjwa. Mwenye akili huwatawanya kwa ndugu, na ndugu huwatunza kama wake. Ukipita kwetu ukahesabu ng'ombe zizini hujajua mwenye zizi ana mali gani. Nikaanza kuwaeleza hivyo, nikiwa nimefurahi kidogo, kwa sababu nilidhani ni mambo ya chanjo.

"Mjukuu wako yuko wapi?" mwalimu akanikatiza.

"Mpwapwa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yake. Amejifungua kwa kisu."

"Hajaonekana darasani tangu muhula ufunguliwe. Hakuna barua. Hakuna mzazi aliyekuja."

"Niliomba ruhusa kwa mwalimu wake wa zamani."

"Yule amehama, na hakuacha neno lolote," akasema. Kisha akanigeukia kabisa. "Mzee, tumeambiwa ameolewa."

Nilitaka kucheka, nikaona hakuna anayecheka. Nikauliza ameolewa na nani. Mwalimu akasema hilo ndilo walilotaka niwaambie mimi. Nikauliza nani aliyewaambia. Akasema ni mtu mwenye dhamana mtaani kwetu, na hawezi kumtaja. Mtendaji akaingilia kwa upole, akanieleza kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa: Jumatatu asubuhi mtoto aonekane shuleni, mwenyewe, kwa miguu yake. Asipoonekana, jina lake litafutwa kwa sababu ya kuozwa, mtihani wa kidato cha pili hataufanya, na mimi na wote waliohusika tutakwenda kueleza mbele ya polisi.

"Nimpigie simu sasa hivi mumsikie," nikasema.

"Sauti si sura," mwalimu akajibu. "Na hata ningemsikia, nitajuaje nani amesimama karibu yake?"

Simu ya binti yangu ni kitochi, haionyeshi picha. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa ofisi, nikapiga. Mjukuu akapokea. Nikamwambia anatakiwa shuleni, ajiandae kurudi.

Akauliza, "Babu, kwani kuna wageni nyumbani?"

"Wageni gani?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mgeni. Ni mambo ya shule."

"Mama bado hawezi kuinua ndoo," akasema, na simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa. Nikasema moyoni, mtandao. Lakini swali lile la wageni lilinifuata njia nzima. Mtoto yule hana tabia ya kuuliza mambo yasiyo na kichwa.

Mtu wa kunisaidia, nilivyoona, alikuwa mmoja tu: mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ndiye anayejua nani kaingia mtaani na nani katoka. Akisimama mbele ya mwalimu na kusema mtoto hajaolewa, nani atabisha? Tena ni mtani wangu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli, aliyejenga hapa akakataa kurudi kwao. Zamani wapagazi wa kwao walipopita nchi yetu na mizigo kichwani, babu zetu waliwatoza hongo, ushuru wa kupita, hata kwa maji ya kunywa, na utani wetu umetoka huko. Tumetaniana naye kwenye misiba, kwenye harusi, hata mlangoni mwa kanisa. Siku mke wangu alipozikwa alilala kwenye mkeka wangu akagoma kuamka mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Sitasahau wema ule.

Alikuwa uani anachonga mpini wa jembe.

"Mbukwa, mla mahari!" akaniamkia kwa Kigogo chetu kutoka mbali. "Umekuja kuniuzia maji?"

"Nimekuja kuona kama bega limepona. Mizigo ya babu yako bado inakuuma?"

"Bega zima. Lakini nyie koo haziponi. Ng'ombe wote wale, na hata mfupa hujanitupia!"

Nikakaa. Nikamwambia utani tuuweke kando, nina shida. Nikamweleza yote: duka, ofisi, Jumatatu, polisi. Kadiri nilivyoendelea ndivyo kisu kilivyopunguza mwendo juu ya mpini, mpaka kikasimama. Mke wake, aliyekuwa anapepeta uwele kwenye ungo, naye akaacha.

"Mtani," akasema, "yule mwalimu alikuja hapa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Akaniuliza, mzee, yule mwanafunzi wa kwa mwinjilisti yuko wapi? Nikamwambia..." Akajikuna shingo. "Nikamwambia kashaolewa. Babu yake kala ng'ombe, nenda kachungulie zizi lilivyojaa. Wagogo hawa, nikamwambia, mtoto akifikia kimo cha mtama wanamuoza."

"Ukasema hivyo?"

"Nilidhani anajua! Kila mtu anajua mimi na wewe ni watani."

"Ametoka Bukoba juzi," mke wake akasema. "Angejua wapi? Na wewe hukucheka hata kidogo, nilikuona. Ulikaza uso kama unatoa taarifa."

"Utani bila kukaza uso ni utani gani?"

"Alikuja kwa mjumbe, baba. Hakuja kwa mtani."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi kuliko ofisini. Hasira ilinipanda, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akichukua kuku wako unacheka, na siku yako ikifika unamlipiza. Huo ndio mpaka, na nimeuheshimu tangu utoto. Lakini ndani ya mpaka ule alikuwemo sasa mtoto wa watu na mtihani wake. Nilikaa namtazama rafiki yangu, sijui kama niliyeketi naye ni mtani au ni mjumbe, na sijui mimi mwenyewe nimeketi pale kama nani.

Ijumaa mimi na mjumbe tukaenda shuleni. Alivaa koti lake la reli ili aonekane mtu wa maana. Mwalimu alitupokea ofisini kwa walimu, akiwa amesimama.

"Mwalimu," mjumbe akaanza, "yale niliyokuambia si kweli. Nilikuwa namtania huyu."

"Uliniambia na nyama mlikula."

"Nilitania."

"Ukaniambia bwana harusi ana meno ya dhahabu."

Nikamgeukia mjumbe. Hilo hakuwa ameniambia. "Nalo nilitania," akasema, sauti imepungua.

"Na leo?"

"Leo sitanii."

"Nitajuaje? Uso wako ni ule ule."

Kweli, ulikuwa ule ule. Akaapa. Akasema yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, ana dhamana. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaninyooshea kidole na kusema, "Hebu mtazame huyu mwenyewe, mwalimu. Mgogo huyu angepata mahari unadhani angebaki na kandambili hizi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwalimu hakucheka. Nilimwona akitazama miguu yangu, kisha uso wa mjumbe, kisha wangu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi kwenye giza. Nikamhurumia. Wazee wawili wamekuja kwake, mmoja alisema uongo kwa heshima zote, na sasa anasema kweli kwa mzaha.

"Mimi namtaka mtoto," akasema. "Nyinyi wazee mtaelewana baadaye. Jumatatu."

Ilibaki shida moja, na haikuwa ndogo. Binti yangu kweli alikuwa hawezi kuinua ndoo. Nikimwondoa mtoto Mpwapwa, nani angemchemshia maji na kumfulia kichanga nguo? Niliomba juu ya jambo hilo njia nzima ya kurudi, na jibu nililikuta limekaa uani kwa mtani wangu limeshafunga khanga mbili ndani ya kikapu.

"Nakwenda mimi," mke wake akasema. "Mdomo uliomfukuzisha mtoto shule umekula ugali wangu miaka yote. Wewe," akamwambia mumewe, "utajipikia."

"Nitapika nini?"

"Utani wako. Uweke na chumvi."

Jumamosi asubuhi akapanda basi. Jumapili jioni mjukuu akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu, amekonda kidogo. Aliniamkia kwa magoti kama kawaida. Lakini begi hakulifungua. Aliliweka nyuma ya mlango, viatu juu yake, akaenda akasimama kwenye uzio wa zizi kitambo. Nikamwita aje ale. Alikula matonge machache ya ugali na mlenda. Tuliposali, kila nilipotamka amina yeye alichelewa. Nikasema amechoka na safari, nikamshukuru Mungu aliyemfikisha, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumatatu mwalimu alimwingiza kwenye chumba kidogo cha kuwekea vitabu, akafunga mlango. Mimi na mjumbe tulikaa nje kwenye benchi. Kengele ililia, wanafunzi wakaingia darasani, wakatoka, wakaingia tena. Nilidhani ni jambo la dakika chache: mtoto huyu hapa, hajaolewa, basi. Nilimsukuma mjumbe kwa kiwiko, nikamwambia, "Mpagazi, umetua mzigo?" Akatikisa kichwa, hakunirudishia.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu alikuwa na macho mekundu, na mjukuu wangu alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Ingieni," mwalimu akasema. Akamwambia mtoto, "Mwambie babu ulichoniambia mimi."

Mtoto alitazama sakafu. Akasema kwamba akiwa Mpwapwa, rafiki yake wa darasani alimtumia ujumbe kwenye simu ya mama: hongera bibi harusi, shule nzima wanajua. Hakumwonyesha mama yake, kwa sababu mama alikuwa na kidonda. Akabaki nao moyoni.

"Ukajua ni uongo," nikasema.

"Nilijua ni kweli, babu."

Nikaketi juu ya boksi la vitabu, naye akaendelea.

"Ng'ombe walikuja siku mbili kabla sijaondoka. Kisha ukaniambia nifunge nguo, haraka. Ukasema nikae mpaka utakaponiita. Nikadhani ukiniita ni kuja kukabidhiwa. Ulipopiga simu nikawa naogopa."

"Ndiyo maana uliuliza wageni."

"Ndiyo."

"Lakini nilikuambia ni mambo ya shule!"

"Nikadhani unanidanganya ili nije. Hata mke wa mjumbe aliposema ni utani, nikaona ni mpango wenu."

Mjumbe alivua kofia. "Mjukuu wangu," akasema, "ni mdomo wangu huu. Nilikuwa namtania babu yako."

Mjukuu akamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. "Babu," akamwambia, "wewe ndiye mjumbe. Rafiki yangu aliniandikia mjumbe kasema."

Nikamuuliza yeye, mjukuu wangu, niliyemfundisha kusali kabla hajajua kusoma, kwa nini hakuniuliza mimi. Swali moja tu lingetosha.

"Ningekuulizaje, babu?"

Nimelifikiri jibu hilo tangu siku ile, ninapochunga, ninapokuwa ibadani, na bado linanizidi. Sijawahi kumpiga. Sijawahi kumpandishia sauti. Nilidhani upole wangu ni mlango ulio wazi. Sasa sijui. Labda mzee anayeheshimiwa na kila mtu ni mgumu kuulizwa kuliko mzee mkali, maana mkali angalau ukimuuliza unajua utapata nini. Wapo mabinti wa nchi hii waliopakiwa kwenye basi na babu wapole. Yeye alilijua hilo, mwalimu alilijua, na mimi niliyekuwa nakemea jambo hilo madhabahuni sikuwaza hata mara moja kwamba kwa macho ya mtoto nami nafanana nao.

Mwalimu akaniambia jina halitafutwa. Akaniambia pia, bila kunipunguzia, kwamba wakati mwingine mtoto akihitajika nyumbani niandike barua, niilete mwenyewe kwa mkuu wa shule, na nisubiri jibu.

"Hata kama nimemwambia mwalimu kanisani?"

"Hata kama umemwambia askofu."

Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kwamba namshukuru hasa kwa kutoniamini, kwa sababu kama ningekuwa mzee wa namna ile, mtoto angekuwa na yeye peke yake wa kumtetea. Lakini maneno yalijipinda, nikaishia kusema Mungu akubariki mwalimu, akajibu asante, tukabaki tumesimama kama watu wanaosubiri mtu wa tatu. Mjukuu alikuwa amekwisha kwenda darasani.

Jioni alirudi na wenzake wawili hadi njia panda, nikasikia wanabishana kuhusu hesabu. Alifungua begi lake, akatundika nguo, akachota maji. Nilimwambia kwamba wale ng'ombe ni wa mdogo wangu, kwamba mvua ikinyesha watakwenda, na kwamba akitaka tumpigie simu amuulize. Akasema, "Sawa, babu." Sikujua ni sawa ya namna gani. Sikumwuliza, nikaona nikiuliza nitamlazimisha kunipa jibu la heshima.

Akakaa kwenye kigoda na madaftari ya kuazima, ananakili masomo yaliyompita, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwanga ukapungua. Nikamletea taa. Akasogeza miguu nipite, kisha bila kuinua kichwa akasema, "Babu, kesho uniamshe mapema. Mwalimu amesema atanielekeza kabla ya kuhesabiwa namba asubuhi. Na nikichelewa kutoka, usiwe na wasiwasi, nitakuwa hapo hapo shuleni."

Nikasema nitamwamsha.